Maumivu Yanayosingiziwa Rubagimpande

Katika Wilaya ya Rusizi, nchini Rwanda, mtu akiumwa viungo hashtui mtu. Nchi yenyewe ni vilima. Ukimaliza kushuka kimoja unaanza kupanda kingine. Mkungu wa ndizi hubebwa kichwani, na beseni la samaki wadogo waitwao sambaza vilevile. Katika bonde la Bugarama wakulima wa mpunga hushinda wameinama majini. Shagasha wachumaji wa chai husimama tangu asubuhi na kikapu mgongoni, na wafanyabiashara wadogo huvuka daraja la mto Rusizi kwenda Bukavu na kurudi, mizigo ikiwalemea mabega. Kwa hiyo mtu akisema goti linamsumbua au bega limekaza, jibu huwa limeshaandaliwa: ni rubagimpande, yaani baridi yabisi, ni umri, ni kazi.

Jibu hilo likimfikia mwenye kisukari linaweza kumgharimu mguu. Lakini lipo jibu la pili, nalo husikika zaidi baada ya mtu kupimwa na kuandikishwa kliniki: "Ni sukari hiyo." Kuanzia siku hiyo kila linalouma hutupiwa sukari, na mtu mwenye kifua kikuu cha uti wa mgongo au jipu ndani ya msuli wa paja hurudishwa nyumbani akiambiwa apunguze wanga. Majibu yote mawili yana kasoro moja, kwamba yanafunga mazungumzo kabla hayajaanza. Mwenye kisukari anayeumwa anastahili maswali. Panauma wapi hasa? Upande mmoja au pande zote mbili? Usiku umelala, au mchana ukitembea? Kiungo kina joto? Una homa? Na umemeza nini wiki hizi? Maswali hayo hayahitaji mashine wala safari ya Kigali. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuyauliza, na mshauri wa afya wa kijiji pia.

Watu wanaohusika si wachache. Utafiti wa kitaifa wa Rwanda wa 2012–2013 ulikadiria kwamba watu wazima wapatao 3 katika kila 100 wana kisukari. Kwa eneo zima la Afrika kusini mwa Sahara, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 wanaishi nacho, na zaidi ya nusu yao hawajajijua. Maana yake ni kwamba wapo watu wanaopaka dawa ya kuchua usiku huu bila kujua kwamba maumivu yao ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa wenyewe.

Tuanze na kile sukari inachokifanya chenyewe. Mwaka 1912 mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi sukari na vijenzi vya protini vinavyoungana vikipata joto. Ndicho kinachoupa mkate rangi ya kahawia tanurini. Mwilini muungano huo hutokea polepole, na kadiri sukari inavyokaa juu kwenye damu mwaka baada ya mwaka ndivyo unavyozidi. Protini inayoathirika sana ni kolajeni, inayojenga ngozi, kano, na mfuko unaozunguka kila kiungo. Kolajeni hukaa mwilini miaka mingi kabla ya kubadilishwa, hivyo sukari hupata muda wa kutosha kuishika. Nyuzi zake hufungamana, huwa nene, na haziteleziani tena.

Mahali pa kuliona hili kwa macho ni mkononi. Mwambie mgonjwa, "Mama, weka viganja pamoja kama unasali." Aviinue mbele ya kifua, viwiko nje, na avikandamize kwa nguvu. Kwa mtu mzima wa afya viganja na vidole hugusana kote. Kwa aliyeishi na kisukari miaka mingi, mara nyingi panabaki uwazi: vidole havinyooki, mwanga unapita katikati, na uwazi huanzia upande wa kidole cha mwisho. Ukijaribu kuifinya ngozi ya juu ya vidole vyake haikunjiki. Imekaza na inang'aa. Huenda mama huyu hana maumivu kabisa. Analalamika tu kwamba mpini wa jembe haushikiki vizuri, au kwamba vifungo vya gauni vinamshinda. Lakini mikono hiyo inasema zaidi ya hapo, kwa kuwa wenye ukakamavu wa namna hii wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na madhara kwenye macho na figo. Jaribio lisilogharimu hata faranga moja linaweza kumfanya muuguzi aandike rufaa ya macho.

Mkono huohuo una mambo mengine mawili. Kidole kinaweza kunasa: ukikikunja hakikunjuki mpaka ukivute kwa mkono wa pili, nacho huachia kwa mshtuko na maumivu. Kano imevimba na haipiti vizuri kwenye njia yake. Au neva inayopita katikati ya kifundo cha mkono hubanwa, na mtu huamka usiku wa manane kidole gumba, cha shahada na cha kati vikiwa vimekufa ganzi, akaukung'uta mkono mpaka upate nafuu. Hayo yote huwapata pia watu wasio na kisukari, ila wenye kisukari huyapata mara nyingi zaidi, na mara nyingi mikono yote miwili.

Bega linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa kuliko viungo vyote. Daktari Ernest Codman wa Boston ndiye aliyeupa ugonjwa huu jina la bega lililoganda, mwaka 1934. Katika watu kwa jumla huwapata takriban 2 hadi 5 kwa kila 100. Kwa wenye kisukari ni 10 hadi 20. Huanza bila ajali yoyote. Miezi ya kwanza ni ya maumivu, hasa usiku, na mtu hawezi kulalia upande huo. Kisha maumivu hupungua na ukakamavu huzidi: mkono haupandi juu kuushika mzigo uliopo kichwani, haurudi nyuma kumfunga mtoto mgongoni kwa kitenge. Baadaye, polepole, bega huanza kulegea. Safari hiyo yote huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na kwa mwenye kisukari mara nyingi huwa ndefu na hairudishi uzima wote.

Kinachomtofautisha mgonjwa huyu na aliyechoka kwa kazi ni hiki: ukiushika mkono wake wewe mwenyewe, yeye akiwa amelegea, na kuuzungusha kwenda nje, haukubali. Bega la kazi hukubali kuzungushwa na mtu mwingine, hata kama linauma. Mazoezi ya upole ya kila siku husaidia, kwa mfano kuinama na kuuacha mkono uning'inie na kuzunguka, au kupandisha vidole ukutani kidogo kidogo. Sindano ya steroidi ndani ya kiungo hupunguza maumivu ya mwanzo, lakini mgonjwa aambiwe mapema kwamba sukari yake itapanda kwa siku kadhaa. Na mtu wa miaka 45 anayefika kituoni na bega lililoganda bila sababu, akiwa hajawahi kupimwa sukari, apimwe siku hiyohiyo.

Sasa tuingie kwenye maumivu ambayo mwenyewe huyaita ya mifupa au ya misuli, kumbe ni ya neva. Karibu nusu ya watu wanaoishi na kisukari kwa muda mrefu hupata madhara ya neva za miguu. Huanzia kwenye vidole vya miguu, pande zote mbili, na kupanda taratibu kama mtu anayevaa soksi. Wengine huhisi moto, wengine sindano, wengine umeme. Usiku huwa mbaya zaidi. Hata shuka ikigusa unyayo inakera. Dalili ya kumtambua ni kwamba viungo vyenyewe havina kosa: kifundo cha mguu kinakunjika vizuri, hakijavimba, na kukisogeza hakuongezi maumivu. Mtu huyu akipewa diklofenaki hatapona hata akimeza mwaka mzima, kwa sababu hakuna uvimbe wa kutulizwa. Inayomfaa ni dawa ya kutuliza neva, na amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ni mojawapo.

Lakini hata neva zikiwa zimeumia, sukari isihukumiwe peke yake. Metfomini, dawa ya kwanza kwa wengi wenye kisukari cha aina ya pili, ikitumika miaka mingi hupunguza unyonywaji wa vitamini B12, na upungufu wa B12 huleta ganzi na moto uleule wa miguu. Vitamini hii hutoka kwenye nyama, samaki, maziwa na mayai. Mtu wa Rusizi anayekula maharage, mihogo na ndizi mwaka mzima, na sambaza mara mojamoja, ameshaanza na akiba ndogo. Isoniazidi ya kifua kikuu nayo huumiza neva ikitolewa bila vitamini B6, na pombe nyingi vilevile. Tofauti hizi si za vitabuni tu, maana ganzi ya ukosefu wa B12 inatibika ikiwahiwa na huenda isitibike kabisa ikicheleweshwa.

Kuna namna moja ya ugonjwa wa neva inayotisha familia nzima. Mara nyingi ni mwanamume wa miaka 50 na kitu, ambaye sukari yake wala haijapanda sana. Anaanza na maumivu makali ya paja moja au nyonga, ghafla, hasa usiku. Baada ya wiki chache paja linaisha nyama, goti linakosa nguvu, hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kushika meza, na uzito unamporomoka kilo kumi au zaidi. Majirani wanaanza kunong'ona habari za UKIMWI, saratani au kurogwa. Mjerumani Ludwig Bruns alishaeleza wagonjwa wa namna hii mwaka 1890. Ni neva za kiuno na paja zilizokosa damu kwa sababu mishipa midogo inayozilisha imewaka. Dawa ya haraka hakuna. Vipimo vya magonjwa mengine vifanywe, kisha mgonjwa apewe dawa za maumivu, fimbo ya kutembelea na mazoezi. Na aambiwe jambo ambalo kwa kawaida haambiwi: kwamba wengi hupata nafuu baada ya miezi, wengine baada ya mwaka na zaidi, na kwamba paja la pili likianza baadaye si ugonjwa mpya.

Hayo ni maumivu yanayopiga kelele. Mimi huogopa zaidi kiungo kinachoharibika kimyakimya.

Mwaka 1868 Jean-Martin Charcot, daktari wa Paris, aliandika kuhusu viungo vinavyobomoka kwa wagonjwa wa kaswende waliopoteza hisia. Mwaka 1936 Mmarekani William Riely Jordan akaonyesha kwamba jambo hilohilo huwapata wenye kisukari, na leo kisukari ndicho kisababishi chake kikuu duniani. Mguu uliokufa ganzi huteguka, labda mtu akishuka kilima cha matope na kandambili, naye hahisi vya kutosha kuacha kutembea. Anaendelea kuukanyagia. Mifupa midogo ya katikati ya mguu huvunjika na kusogea, damu hukimbilia pale, mguu huvimba, hupata joto na wekundu, ingawa kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Maumivu ni kidogo au hakuna. Anayeutazama husema umeteguka, au ni jongo, au kuna uambukizo, na huandika antibayotiki. Mgonjwa anaondoka kwa miguu, na mguu unaendelea kubomoka. Baada ya miezi kadhaa wayo uliokuwa na tao unakuwa bapa au unatuna chini, pale panapotuna panachimbika kidonda, na kidonda ndicho kinachopeleka mtu kukatwa.

Njia ya kuutambua ni mgongo wa mkono wako. Mgonjwa akae dakika chache miguu ikiwa wazi, kisha gusa mguu mmoja, gusa wa pili. Tofauti ya joto ya nyuzi 2 hutosha kutia shaka, na mkono wa mtu huitambua mara nyingi. Mwenye kisukari mwenye mguu mmoja wenye joto na uvimbe, bila kidonda na bila homa, achukuliwe kuwa amepata mguu wa Charcot mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata picha ya eksirei ya wiki za kwanza ikiwa haionyeshi kitu. Tiba yake kuu ni kutoukanyagia kabisa: plasta ngumu au kiatu maalumu kwa miezi, na magongo. Kumwambia mkulima anayejitegemea asikanyage chini miezi mitatu au minne ni jambo zito, na ndiyo sababu ya kuita familia na kueleza bila haraka kwamba mbadala wake ni kupoteza mguu wenyewe.

Hapa ndipo inapolazimu kusema habari za Amashyuza, chemchemi za maji ya moto za upande wa Bugarama. Watu hutoka mbali kuja kukaa ndani ya maji yale kwa ajili ya magoti, viuno na mgongo. Siwalaumu. Joto hulegeza misuli na kupunguza ukakamavu wa goti lililochakaa, na nafuu anayoisema mzee akitoka majini ni ya kweli. Lakini kwa mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu, maji hayohayo yana hatari. Maji ya nyuzi joto 50 huunguza ngozi ndani ya dakika chache, na anayehisi hukurupuka kabla ya kuungua, asiyehisi hukaa. Atatoka amefurahi, na kesho yake atakuta malengelenge. Mwenye ganzi aombe mtu mwingine ayapime maji kwa kiwiko cha mkono, asitie mguu wenye kidonda, na akitoka akaushe katikati ya vidole na kuzitazama nyayo. Vivyo hivyo kwa mtu anayepasha miguu joto kwenye imbabura, jiko la mkaa, usiku wa baridi. Na mguu wenye joto na uvimbe niliousema hapo juu usipelekwe majini kabisa.

Mishipa ya damu nitaipitia haraka, kwa kuwa hadithi yake iko wazi zaidi. Nyama ya shavu la mguu inayobana kila unapopanda kilima na kuachia ukisimama dakika chache ina njaa ya damu. Miguu huwa baridi, mapigo juu ya wayo hayashikiki. Neva huuma mtu akilala, ila mshipa uliobanwa huuma akitembea. Ukibanwa sana huuma hata amelala, na mtu huning'iniza mguu nje ya kitanda apate nafuu. Anayevuta sigara aache, hapo hakuna mjadala. Mishtuko ya misuli ya usiku ni jambo jingine: sukari ikiwa juu mtu hukojoa sana na kupoteza maji na chumvi, na anayetumia vidonge vya kukojoza kwa shinikizo la damu hupoteza potasiamu zaidi.

Sasa yale ambayo sukari haikuyaleta, au imeyasaidia tu kwa mbali. Goti lililochakaa ndilo linaloongoza. Uzito mkubwa huzaa kisukari na huponda gegedu za magoti kwa wakati mmoja, hivyo magonjwa hayo mawili hukutana kwa mtu mmoja bila moja kuwa mama wa lingine. Goti hilo huuma kwa kushuka kilima, hukakamaa dakika chache asubuhi, halina joto kali. Jongo huja ghafla usiku, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu, na kiungo huwa hakigusiki. Pombe huichochea, urwagwa, pombe ya ndizi, ikiwemo, na dagaa pia. Sambaza, samaki wadogo walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wako katika jamii hiyo ya vyakula. Sisemi watu waache sambaza, chakula bora na nafuu kama kile. Aliyethibitishwa ana jongo ndiye apunguze. Tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango huleta misuli mizito na inayouma, nayo huandamana na kisukari cha aina ya kwanza mara nyingi kuliko bahati.

Homa ikiingia, mambo yanabadilika kabisa. Kisukari kinadhoofisha ulinzi wa mwili, na huongeza uwezekano wa kupata kifua kikuu kwa takriban mara tatu. Kifua kikuu hakiishii mapafuni. Huingia uti wa mgongo na nyonga, na maumivu ya mgongo yanayozidi kwa miezi pamoja na jasho la usiku na kukonda yasiitwe ya jembe. Anayekunywa maziwa mabichi ya ng'ombe, akawa na homa za kuja na kuondoka na maumivu ya kiuno, apimwe bruselosisi. Malaria, ambayo bonde la joto la Bugarama linaijua vizuri, huuma mwili mzima. Na kuna usaha wa ndani ya msuli, ugonjwa wa nchi za joto ambao mwenye kisukari huupata kirahisi: paja au tako huwa gumu kama ubao, linauma, homa inapanda, ngozi ya juu haina kitu. Huo haungoji kliniki ya Jumatatu. Unahitaji hospitali, Gihundwe au Mibilizi, usiku uleule. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chenye joto na homa, ni vilevile.

Unaofanana na usaha huo wa msuli, ingawa ni nadra, upo ugonjwa ulioelezwa mwaka 1965: sehemu ya msuli wa paja hufa kwa kukosa damu kwa mtu aliyeishi na kisukari kisichodhibitiwa miaka mingi. Paja huvimba na kuuma sana, lakini kwa kawaida homa haipo. Hutibiwa kwa kupumzika na kudhibiti sukari, na kisu hakisaidii.

Bado dawa, na hapa nina mengi ya kusema. Baadhi ni za hospitali. Statini, zinazotolewa kulinda moyo, zina sifa ya kuumiza misuli. Ni kweli kwa baadhi, ila si kwa wengi wanaodhani hivyo. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2020, kwa watu 60 walioziacha kwa sababu ya madhara, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya dalili, takriban asilimia 90, walizipata pia walipomeza vidonge visivyo na dawa. Kwa hiyo asiziache mwenyewe. Arudi kwa daktari. Akiona mkojo wa rangi ya chai ya rangi pamoja na maumivu makali ya misuli, hapo aziache mara moja na kwenda hospitali. Dawa za kisukari za kundi la gliptini ziliwekewa tahadhari na mamlaka ya dawa ya Marekani mwezi Agosti 2015 kwa kuleta maumivu makali ya viungo kwa baadhi ya watu. Dawa ikisimamishwa na daktari, maumivu hayo huisha. Vidonge vya kukojoza hupandisha asidi ya mkojo na kuamsha jongo. Siprofloksasini, inayonunuliwa kiholela kila mtu akidhani ana tifo, inaweza kukata kano ya kisigino, hasa ikikutana na steroidi.

Lakini zinazoleta maangamizi makubwa ni zile zinazonunuliwa bila kuandikiwa. Mtu ana bega linamuuma, anajua kwamba jirani alipona kwa vidonge fulani, anavipata mjini Kamembe au ng'ambo ya mto. Diklofenaki na ndugu zake hubana damu inayokwenda kwenye figo. Figo za mwenye kisukari tayari ziko mashakani, na akiwa anameza pia dawa ya presha na kidonge cha kukojoza, mapigo ni matatu kwa wakati mmoja. Parasetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi kwake. Mbaya zaidi ni deksamethasoni na prednisoloni. Hizi huondoa maumivu kwa saa chache hivi kwamba mtu huona amepata daktari wa kweli, na wakati huohuo hupandisha sukari sana, hupunguza misuli ya mapaja na hulainisha mifupa. Nyingine hufichwa ndani ya kinachoitwa mitishamba. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa maonyo kuhusu vidonge vya viungo vilivyouzwa kwa jina la Artri King kama lishe ya asili. Maabara ilikuta ndani yake deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa kwenye chupa. Kinachotuliza maumivu ya miaka kwa siku moja, na hakisemi kina nini, kishukiwe hivyohivyo hapa kwetu. Na aliyekitumia wiki nyingi asikikate ghafla bila kumwona daktari, kwa sababu mwili unaweza kuwa umeacha kutengeneza homoni yake yenyewe.

Ndiyo maana siku ya kliniki mtu aje na kadi ya mituweli, yaani bima ya afya, pamoja na mfuko wenye kila pakiti aliyomeza tangu mara ya mwisho: za hospitali, za duka, za Bukavu, za mganga. Muuguzi avitandaze mezani bila kumkemea, maana aliyekemewa safari ijayo ataviacha nyumbani. Kisha viatu vivuliwe, miguu itazamwe. Sielewi kwa nini shughuli ya dakika mbili hurukwa katika vituo vingi, wakati miguu ndiyo inayopotea.

Limebaki jambo moja ambalo wagonjwa hulikuta bila kuonywa, na huwafanya waache matibabu. Mtu ameishi miaka na sukari ya juu sana. Anaanzishiwa insulini, anafuata maelekezo yote, sukari inashuka upesi. Ndani ya wiki nane hivi miguu yake inaanza kuwaka kuliko wakati wowote. Daktari Charles Caravati wa Marekani alieleza mgonjwa wa namna hii mwaka 1933, zaidi kidogo ya miaka kumi baada ya insulini kugunduliwa. Neva zilizozoea sukari nyingi hazipendi mabadiliko ya ghafla. Mgonjwa hufikia uamuzi unaoonekana wa busara: sindano ndiyo inayonichoma, naiacha. Kwa hiyo sukari iliyokaa juu miaka mingi ishushwe kwa hatua, kama hali ya mgonjwa inaruhusu, na muuguzi amwambie kabla: "Mzee, miguu inaweza kuwaka zaidi miezi hii ya mwanzo. Ikiwaka, usiache insulini. Njoo, tutakupa dawa ya usiku." Kwa wengi moto huo hupoa ndani ya miezi kadhaa, mradi insulini iendelee.